Kenol Si Stegi ya Mananasi Tu: Rada ya Mto Sagana, Mlima Kenya na Vijiji vya Huko Juu

Wasee wengi wanajua Kenol kama pale dere anapunguza spidi, wamama wanazingira madirisha na mananasi, ndizi na maji baridi, halafu safari ya Nyeri inaendelea. Hata jina la hiyo tao si la mtu wala la mto. Ni la petroli steshoni. Kenol ni kifupi cha Kenya Oil Company. Mwaka wa 2019 kampuni ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa, pampu zikapigwa rangi mpya, lakini jaribu kumwambia makanga akushukishe "Rubis" uone vile atakuangalia. Tao imebaki Kenol.

Sasa cheki. Zile video za likizo za visiwa vya Pasifiki, Fiji, Samoa ama Vanuatu, form huwa ni moja. Asubuhi mnapiga kasia ama mnapanda mlima, mchana mnaoga chini ya maporomoko, jioni mnakaa chini na wanakijiji mnamanga chakula kilichoivishwa kwa mawe ya moto. Ni tamu kuangalia, lakini nauli ya ndege peke yake itakula akiba yako ya mwaka na ya beshte yako. Hiyo form inaanza kilomita kama 60 kutoka Nairobi, na unafika na mathree. Bahari ndio hakuna. Lakini kuna mto mrefu kuliko yote Kenya, mlima wa pili kwa urefu Afrika, na vijiji ambavyo historia yake hautaiskia kwa tangazo lolote la utalii.

Kitu moja ujue mapema: hii si place ya kuingia mbio. Mto unaweza kukumaliza, mlima unaweza kukumaliza, na kijiji ukikiingia kama unaingia zuu utatoka na picha tu.

Njia panda

Kenol iko kaunti ya Murang'a, na ndio pahali barabara inagawanyika. Tawi moja linaenda Murang'a tao. Lingine linanyooka hadi Makutano, Sagana, Karatina na Marua. Hapo Marua unaamua tena: Nyeri tao, ama uendelee Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki. Kipande cha Kenol hadi Marua ni kilomita 84 za lami iliyopanuliwa, leni mbili kila upande, kwa hivyo siku hizi shida si barabara, ni dere anayejiona Safari Rally. Magari ya huko juu unayapata mitaa ya River Road na Accra Road. Panda mapema.

Kama hamjawahi kwenda, chagueni tawi moja kwa wikendi moja. Kuna mbogi hupanga rafti Jumamosi asubuhi, Nyeri jioni, Nanyuki Jumapili, na wanachokumbuka wakirudi ni kiti cha gari.

Sagana: maji hayana beshte

Mto wa Sagana, wenyewe wanauita Thagana, ndio mwanzo wa Tana. Maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua (Aberdare), yanashuka hapo, yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu yanaenda kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Hiyo chaji ya simu yako inawezekana ilipita Sagana kama maji kabla iwe stima.

Hapo ndio nyumbani kwa mchezo wa rafti Kenya. Kambi ziko kando ya mto, na kwa siku moja unaweza kushuka na rafti, kupiga kayaki mahali pametulia na kulala kwa hema. Mawimbi ya mto hupimwa kwa daraja, kutoka 1 hadi 6. Daraja la 1 ni maji ya kupiga stori. La 6 hata mabingwa wengi hawaligusi. Sagana ina vipande vya kuanzia na vipande vya 4 na 5 vinavyokukumbusha mama yako. Usiseme "sisi tuko fiti" kwa sababu unaenda jimu. Ambia muongozaji ukweli: nani hajui kuogelea, nani ana pumu, nani alikunywa jana usiku. Huyo wa jana usiku abaki kambi.

Kabla mlipe, angalia vitu vichache. Laifu jaketi inakukaza vizuri hadi ukivutwa mabegani haipandi masikioni? Helmeti iko kwa kila kichwa? Kuna msee wa kayaki anayetangulia chini kuokota walioanguka? Mnafundishwa nchi kavu kwanza, pamoja na vile unaelea ukianguka, mgongo chini na miguu ikiangalia mbele mto unakoenda? Kama jibu la mojawapo ni "hiyo si lazima", hepa na doo yako. Miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Disemba, mto hujaa. Kujaa kiasi ndio utamu wa rafti, lakini kuna siku unajaa kupita kiasi, na kila mtu aliyeona mafuriko ya Aprili 2024 anajua maji ya Kenya hayaombi ruhusa. Kambi ikikuambia leo hatuingii, usibishane. Hiyo ni kambi nzuri.

Sagana pia ilipata jina kwa bunji, kuruka kutoka mnara kando ya mto ukiwa umefungwa kamba miguuni. Uliza kama iko wazi siku hiyo kabla ujiahidi. Na kwa kuwa tulianza na Pasifiki, jua mchezo huu umetoka wapi. Kisiwa cha Pentecost, huko Vanuatu, wanaume na vijana hujenga mnara wa miti na kuruka wakiwa wamefungwa mizabibu ya msituni kwenye vifundo vya miguu, msimu ambao viazi vikuu viko tayari kuvunwa. Wanapima mizabibu kwa jicho, na ikiwa mirefu kidogo tu msee anagonga chini. Wazungu waliona, wakaweka raba badala ya mzabibu, na mwaka wa 1988 biashara ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa Queenstown, New Zealand. Leo kila mtu anajua bunji, na wangapi wanajua Pentecost? Hilo swali libebe, kwa sababu huku kwetu pia linahusu.

Hiki "kijiji" kilitoka wapi?

Hapa nitakaa kidogo.

Ukisikia "utamaduni wa kijiji cha Wakikuyu" pengine unawaza nyumba za nyasi zimepangwa duara, watu na ngoma. Ukweli ni kuwa zamani Wagikuyu hawakukaa kijiji kwa maana hiyo. Kila familia ilikuwa na boma lake, mucii, kwa mgongo wa kilima, rugongo. Ndani ya boma kuna thingira ya mzee na nyumba ya kila mama. Jirani ako ng'ambo, mnaonana kwa moshi. Ukoo mmoja, mbari, unaweza kushika kilima chote.

Vijiji vya kupangwa kwa mstari vililetwa kwa nguvu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Kuanzia Juni 1954 serikali ya mkoloni ikaanza kubomoa maboma na kuhamisha watu hadi vijiji vyenye handaki, waya wa miiba na mnara wa mlinzi, ili Mau Mau msituni wasipate chakula wala habari. Zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa hadi vijiji zaidi ya 800, Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu na Meru. Wengi wao walikuwa wamama, watoto na wazee, maana wanaume walikuwa msituni ama kizuizini. Ukingo wa msitu wa Mlima Kenya ukachimbwa handaki refu kwa kazi ya lazima, na waliolichimba ni hao hao wamama.

Kwa hivyo ukimwambia shosho wa miaka 80 na kitu huko Tetu ama Kangema kuwa umekuja "kuona kijiji", neno hilo linaweza kumpeleka mahali hukutaka. Hata gichagi, lile neno tunalotumia kumaanisha ocha, ni kijiji kwa mdomo wa Kikuyu. Baada ya mashamba kuunganishwa wengi walirudi vilimani, lakini wasio na shamba walibaki. Mpaka leo Nyeri na Murang'a kuna vinavyoitwa vijiji vya kikoloni, nyumba zimebanana kwa ploti ndogo, na watu wake wamefuatilia title kwa miaka mingi. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati huo. Wengi walishakufa bila hata senti.

Hiyo haimaanishi uende ukae na sura ya matanga. Inamaanisha uende na masikio. Nyeri, fika Kahigaini, Tetu, pahali Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, kabla ya kunyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Nyeri tao kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyekufa Januari 1941, na skauti wa dunia nzima hulitembelea. Kimathi hana kaburi linalojulikana. Simama hapo na hapo siku moja, utaelewa bila mwalimu.

Mukurwe wa Nyagathanga

Tawi la Murang'a lina mwanzo wa stori yote. Mukurwe wa Nyagathanga ndipo wanasema Ngai alimweka Gikuyu na Mumbi, akawaonyesha nchi kutoka Kirinyaga, na wakapata mabinti wanaohesabiwa "tisa kamili", ambao ni kumi lakini hesabu ya watu kamili haitamkwi. Kutoka kwa hao mabinti ndio koo zikatoka, na ndio sababu Nairobi kila ofisi ina Wanjiru, Wambui na Wairimu. Usikosee gari: Mukurweini ni kwingine, iko Nyeri. Hii yetu iko upande wa Gaturi, Murang'a, na mathree ikikuacha unamalizia na nduthi.

Ni mahali patakatifu, si bustani ya kupiga luku. Ukifika tafuta wazee wanaopaangalia, wasalimie kwanza, ueleze umetoka wapi na wewe ni wa nani. Usiruke hilo swali la "wa nani" hata kama wewe ni Mluhya wa Kawangware. Ni adabu, si ukabila, na mzee atafurahi ukimjibu. Mzee ni guka, mama mzee ni cucu ama shosho. Picha unaomba. Mti huvunji hata kijiti. Mugumo hasa una heshima yake: Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka wa 1940 na kushinda Nobeli 2004, aliandika vile mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, na vile baadaye aliona uhusiano kati ya mizizi ya mti huo na chemchemi iliyokuwa karibu. Mti ukakatwa, maji yakapotea. Hiyo ndiyo sayansi ya shosho.

Msosi: omba mukimo wenye majani ya malenge, nduma, ngwaci, na uji uliochachuka. Mutura utaipata barabarani jioni. Muratina, pombe ya tunda la mti wa muratina na asali ama miwa, ni ya wazee na shughuli zao. Ukipewa, pokea kidogo kwa mikono miwili, na usiulize ya kubeba. Kama mko msimu wa kuchuma kahawa, Oktoba hadi Disemba, omba kupelekwa fakitori ya ushirika. Utaona tunda jekundu likimenywa, likichachushwa kwa matangi na kuanikwa kwa meza ndefu, na utapewa hesabu ya mkulima analipwa nini kwa kilo. Kikombe chako cha Westlands hakitakuwa na ladha ile ile tena.

Mlima wenyewe

Mlima Kenya una vilele vitatu vikubwa: Batian mita 5,199, Nelion 5,188 na Lenana 4,985. Majina ni ya malaiboni wa Wamaasai, yaliyowekwa na Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka wa 1899 na Ollier na Brocherel. Batian na Nelion ni za kamba na ujuzi. Lenana unafika kwa miguu, na ndiyo wewe unaendea. Usiku wa uhuru, Disemba 1963, Kisoi Munyao alipeleka bendera ya Kenya huko juu. Miaka 20 kabla, 1943, Waitaliano watatu walitoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, wawili wakafika Lenana na vifaa vya kujitengenezea, wakarudi wenyewe kambini wakafungwa seli. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika kitabu. Wazimu mzuri, lakini usiuige.

Njia tatu ndizo maarufu. Naro Moru ndiyo fupi na yenye haraka, na ina kipande cha tope kinachovunja roho. Sirimon, upande wa Nanyuki, inapanda polepole, mnalala Old Moses mita 3,300 kisha Shipton's 4,200. Chogoria, kupitia Tharaka Nithi, ndiyo yenye mandhari ya kukufunga mdomo. Kwa msee wa mara ya kwanza mimi ningesema Sirimon, siku 4 ama 5. Anayekuuzia Lenana kwa siku 2 anakuuzia maumivu ya kichwa, na mara nyingine kibaya zaidi.

Kinachoua watu huko si simba. Ni hewa nyembamba. Ukipita mita 3,000, usipandishe pahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na ukiweza ongeza siku ya kupumzika. Kichwa kuuma, kutapika na kukosa usingizi ni dalili za mwanzo: simama hapo, kunywa maji, usipande. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, ama kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, huo si uchovu. Mtu ashushwe sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, hata kama mlilipa na kilele kinaonekana. Dawa ni kushuka. Vidonge vya kuzuia vipo, lakini uliza daktari kabla ya safari, si mpishi wa kambi. Na mwambie msee wako aseme ukweli akiumwa. Vijana wengi hunyamaza kwa sababu ya kuogopa kuchekwa kwa grupu la WhatsApp.

Lango la KWS halitaki cash, unalipa kupitia eCitizen, na beba kitambulisho ndio ulipe bei ya raia. Angalia ada za siku hizo kabla, hubadilika. Usiingie peke yako. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Julai hadi Septemba. Usiku wa kupanda Lenana mnaanza karibu saa tisa, na baridi inashuka chini ya sifuri. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki. Beba sweta la sufu, mavini, glavu, koti la mvua, tochi ya kichwa na betri za ziada. Vitu vingi unaweza kukodisha Naro Moru ama Nanyuki.

Ganji ianguke wapi

Muongozaji na wapagazi wengi ni vijana rika lako kutoka Naro Moru, Chogoria na Nanyuki. Wanabeba hema yako, gesi yako na viazi vyako, wakifika kambini kabla yako wanawasha jiko. Kwa hivyo kampuni ikikupea bei ya kutupa, jiulize imetupa nani. Uliza moja kwa moja: mpagazi analipwa ngapi kwa siku? Anabeba kilo ngapi? Analala wapi, ana slipingi begi? Anayejibu bila kukunja uso ndiye wa kuenda naye. Baksheshi mpe mtu mkononi ama kwa M-Pesa yake, usimpe bosi awagawie. Kijijini ni hivyo hivyo: mukimo umepikwa na shosho, lipa shosho.

Kurudi, Jumapili usingoje jua liishe. Kuanzia saa kumi nauli inapanda na magari yanajaa kutoka Karatina, na wewe wa Sagana unabaki kupunga mkono. Toka saa nane. Ukikwama, panda chochote kinachofika Kenol, hapo hakukosi gari la Nairobi, na nanasi la kupelekea mathe linamenywa ukingoja.